Malalamiko Kuhusu Wapiga Kengele Waliosusia Ushindi

Thornholme, Oktoba 1776

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia kwa heshima zote unazostahili na nyingine za ziada, kwa kuwa katika toleo lililopita uliwaita waasi wa makoloni ya Marekani "ndugu zetu wa ng'ambo". Hongera. Mwanangu Ambrose, aliyeko huko na bunduki ya Mfalme, atafurahi kujua kwamba wanaomlenga kifuani ni jamaa zake.

Naomba nafasi niyaseme yaliyonifika.

1. Ilipokuja habari kwamba majeshi yetu yameutwaa mji wa New York, mimi, mzee wa kanisa, niliagiza kengele zote sita zipigwe. Wapigaji watatu walipanda mnarani. Watatu walibaki chini wamekunja mikono. Mmoja wao, Enoch Pym, mshona viatu, alinijibu mbele za watu: "Bwana Ottley, Ambrose akirudi mzima nitapiga mpaka viganja vichubuke. Lakini kushangilia kuuawa kwa mkulima shambani kwake? Tafuta mwingine!" Unajua kengele zetu hufuatana, kila moja na zamu yake. Ziliposikika tatu tu, tena ovyo, watu walidhani kinu changu cha sufu kinaungua, wakaja mbio na ndoo. Nikawaeleza kwamba ule ni ushindi. "Basi tuuzime, maji tumeshayateka," akasema Bibi Gadsby, na mji ukacheka.

2. Kila Jumapili tukiinua glasi kwa afya ya Mfalme, shemeji yangu Silas huongeza: "Na Mungu ampe washauri wenye akili." Kisha hunywa kuliko sote. Mvinyo ni wangu.

3. Mjini kunazungushwa maombi mawili kwa Mfalme: moja awachape waasi, jingine awasamehe. Kinyozi wetu ametia sahihi yote mawili. Anasema pande zote mbili zina ndevu.

4. Uasi umeingia hadi jikoni kwangu. Mke wangu Tabitha aliniuliza: "Baba Ambrose, mtoto atarudi lini?" Nikamwambia, wakishashindwa. "Na wakikataa kushindwa?" Nikamkemea.

Kwa hiyo napendekeza Bunge litunge sheria: kila anayewahurumia waasi apakiwe melini apelekwe kwao. Kwa kuwa hao ni nusu ya mji, nusu iliyobaki iwasindikize kama walinzi. Mimi nitabaki peke yangu, na Thornholme utakuwa mji wa kwanza Uingereza wenye msimamo mmoja. Vita viendelee hata miaka ishirini. Tusirudi nyuma hata hatua moja.

Nisalimie mkeo, wachapaji wako wote, na hata Pym, ambaye najua atalisoma gazeti hili kilabuni bila kulinunua.

Ni mimi mtiifu kwa Mfalme,
Jabez Ottley

Baada ya sahihi: Tabitha ameisoma barua hii, akaniwekea mezani, akaenda kukaa chumbani kwa Ambrose. Ndugu Mhariri, yote ya hapo juu yachape kama yalivyo. Lakini kama unamjua mkubwa yeyote huko London, mnong'oneze, usinitaje jina: hao watu waachiwe ushuru wanaokataa kuulipa, chai yao, na Marekani yao nzima. Sisi tunamtaka mtoto wetu.