Betri Mvumilivu

Idarusi hakupata kuiba hata sindano. Watu walimpa wenyewe, kwa mikono miwili, kisha wakamshukuru. Asubuhi ile alikuwa amekaa barazani Ngamiani, mjini Tanga, akiwaza posa yake, alipomwona Mzee Fanueli akikisukuma kigari chake kisichotaka kuwaka.

Mzee huyu, karani mstaafu wa shamba la mkonge, alikuwa amekitia kigari kile kitanda, jiko na mapazia ya maua, apate kuzunguka nchi na kulala anakotaka. Jambo moja tu lilimkera: akiwasha taa na redio usiku, asubuhi injini haingurumi ng'o.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Shida yako betri. Hiyo ni ya kuwashia injini tu, mfano wa mtu mwenye hasira: hufoka mara moja, kisha hana nguvu. Wewe wataka ya pili, ya kutoa moto kidogo kidogo usiku kucha. Betri mvumilivu."

Yote hayo yalikuwa kweli tupu, na hapo ndipo ilipokuwa hatari ya Idarusi. Mwongo wa kawaida hudanganya tangu mwanzo. Yeye alidanganya mwishoni tu. Betri aliyoileta kesho yake ilikuwa imetupwa jalalani kutoka kwenye lori la mkonge. Ilikuwa imeoshwa, ikapakwa rangi nyeusi, ikalazwa gereji ikichajiwa. Ilipounganishwa, taa iliwaka hata mzee akafumba macho.

"Inyanyue uone uzito," alisema Idarusi. "Wallahi, ina subira kuliko mke wa baharia."

Hakutaka fedha, alitaka redio. Mzee Mselem wa mtaa wa Usagara, babake Sabiha, alikuwa ametamka mbele ya watu kwamba bintiye haolewi na kijana asiyejulikana kazi yake; ila akija na redio, atafikiri upya. Na Idarusi alimpenda Sabiha kweli. Mbele ya msichana yule maneno yalimkauka, na hakuna kiumbe mwingine Tanga nzima aliyewahi kumkausha maneno.

"Redio ya nini, kijana?"

"Ya posa, mzee. Ijumaa naipeleka kwa Mzee Mselem."

Fanueli aliona betri mpya kwa redio kuukuu ni ngekewa, akaitoa haraka kabla kijana hajazinduka.

Usiku huo taa ya kigari iliwaka kiasi cha kumaliza sahani ya wali, kisha ikazimika. Mzee hakupiga kelele. Alikaa gizani akafikiri kwamba nyumba inayongojea redio itahitaji betri. Akaipitisha gereji ikachajiwa tena, akaenda nayo Usagara, akarudi na mbuzi wawili.

Ijumaa, baada ya sala, Idarusi alitua redio mezani mbele ya wazee. Mzee Mselem akaleta betri, na moyo wa Idarusi ukashuka hadi kwenye makubadhi. Rangi ile aliipaka mwenyewe. Kitini pembeni alikaa Mzee Fanueli, mgeni mwalikwa, akinywa kahawa.

Redio iliimba ubeti mmoja, ikakoroma, ikanyamaza.

"Mbovu ni redio au betri?" aliuliza Mzee Mselem.

"Betri nzima," alisema Fanueli. "Aliyeniletea aliapa kwamba ina subira kuliko mke wa baharia. Nimtaje?"

Idarusi alipima upesi. Redio mbovu ni bahati mbaya, mtu hutafuta nyingine. Betri mbovu ni tabia, na mwenye tabia hapewi mke.

"Betri nzima, baba," alisema. "Mbovu ni redio."

"Basi niwaondolee uchafu huu," alisema Fanueli kwa upole, akaibeba redio, akaaga.

Nje kigari kiliwaka. Hakijafika kona, taarabu ilisikika kutoka ndani yake, safi, kwa sauti ya juu, ikipita nyumba baada ya nyumba. Wazee waliisikiliza hadi ilipopotea. Kisha wakaigeukia betri.

Pazia la chumba cha ndani lilisogea.

"Idarusi," Sabiha aliuliza taratibu, "ulijuaje kama betri ile ni nzima?"

Maneno yakamkauka.