Malalamiko Dhidi ya Sauti ya Jemadari Majivu

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kuhusu: Mtu mmoja kupewa kazi mbili zisizopatana

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wafanyakazi wako wote, pamoja na yule mama wa mapokezi aliyenipa kiti na maji ya kunywa siku nilipoleta tangazo la kifo cha mke wangu. Mimi ni fundi makochi. Si mtu wa magomvi. Lakini hata kochi lina spring, na ukilikalia sana mahali pamoja, iko siku litakuchoma. Naomba unisikilize.

Malalamiko yangu yanahusu katuni ya vita kutoka Japani mnayoionyesha kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari, mkiwa mmeitia sauti za Kiswahili. Kwa faida ya wakubwa wako ambao huenda hawaitazami, Jemadari Majivu ni mkuu wa jeshi asiye na chembe ya huruma. Anavaa glavu ya chuma, na akicheka madirisha hutetemeka. Askari wake wakifa, huwaita kwa majina yao kamili, kisha hunguruma, "Inuka, kazi haijaisha!" Nao huinuka kutoka kwenye majivu, wamekunja sura kama watoto walioamshwa kwenda shule, wakaendelea kupigana.

1. Jemadari huyu anaua ovyo. Alimuua mpishi wake kwa sababu ya supu baridi. Nilimgeukia marehemu mke wangu nikitegemea atamlilia mpishi mwenzake, maana yeye alipika katika shule ya bweni mpaka akastaafu. Hakulia. Alisema, "Supu baridi asubuhi ya vita? Huyo alishaasi zamani," akaendelea kumenya karanga. Na huyu, Mheshimiwa, ni mtu ambaye akikuta mende bafuni alimsindikiza nje kwa ufagio huku akimwomba radhi. Sijui mlimfanya nini.

2. Jemadari aliingilia utawala wa nyumba yangu. Mke wangu alianza kuniita Askari wa Miguu. Nikichelewa kutoka karakana, nilikuta sahani yangu imefunikwa na juu yake karatasi imeandikwa "Mtoro". Kipindi kikiwa hewani kukohoa kulikuwa marufuku. Alikaa upande wake wa kochi, pale spring ilipolegea akanikataza nisiikaze, miguu ameikunja chini yake. Upanga ukichomolewa tu, alinibana goti kwa vidole vyenye chumvi ya karanga. Suruali zangu zote zina alama kwenye goti la kushoto. Moja sijaifua.

3. Sasa nafika kwenye sauti. Mtazamaji yeyote anajua kwamba kituo chenu kina koo moja tu nene. Anayemsemea Jemadari ndiye huyohuyo anayesoma matangazo ya vifo. Naelewa hali ni ngumu na makoo mazuri hayapatikani ovyo. Lakini jioni ya tangazo la mke wangu, nyumba yangu ilikuwa imejaa waombolezaji, na televisheni imefunguliwa sauti yote ili hata waliokaa nje wasikie. Tukasikia, "Tunasikitika kutangaza kifo cha..." Alikuwa yeye. Mjukuu wangu, tunayemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haupoi, aliruka kutoka mkekani akapiga kelele, "Babu, ni yeye! Kumbe ndiye aliyemuua bibi!"

Shemeji yangu, dada wa marehemu, alikuwa akilia tangu asubuhi. Akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kutikisika. Tukadhani kilio kimemzidi, tukamkimbizia maji. Alikuwa anacheka. Kicheko kikaambukiza chumba kizima. Hata mzee aliyekuwa akisimamia mipango ya mazishi alilazimika kutoka nje kuangalia kama mvua inakuja, na mbingu ilikuwa kavu kama sahani iliyopanguswa.

4. Tangu siku hiyo Chiriku ametangaza vita na kituo chenu. Analinda mlango kwa mwiko wa bibi yake, ule wa jiko la shule, ambao ni mrefu kuliko yeye. Fundi wenu wa king'amuzi alipokuja, aliamriwa acheke kwanza ili tusikie kama ndiye. Akacheka. Ikaonekana hana ubaya, akaruhusiwa kuingia. Lakini si kila mgeni anacheka akiamriwa, na mtu wa kusoma mita hajarudi.

5. Hili la mwisho ndilo zito. Aliniuliza Chiriku, nami nimeshindwa kumjibu, kwa hiyo nakuletea wewe uliyesoma. Jemadari akitamka jina la marehemu lote, marehemu huinuka. Msomaji wenu alitamka jina la mke wangu lote: lake, la baba yake, la babu yake, na hata lile la utani, Mama Ukoko, alilopewa na wanafunzi kwa sababu waliochelewa chakula aliwawekea ukoko wa sufuria. Hilo niliongeza nikisitasita, nikijua watu wa ofisini huwa wanayakata majina kama hayo. Hamkulikata. Alilitamka taratibu, bila kukosea, kama mtu aliyewahi kupewa ukoko huo. Kisha akanyamaza, likaingia tangazo la sabuni.

Yale maneno matatu hakuyasema, Mheshimiwa. Katika kazi yangu, huko ni kuchana kochi la mtu, ukafunga spring zote, kisha ukaondoka bila kulivalisha kitambaa. Mwenye kochi atakaa wapi?

Kwa hiyo naomba tangazo lisomwe upya, na mwishoni msomaji aongeze, "Inuka, kazi haijaisha." Ikishindikana, basi mtoe sahihisho, kama magazeti yanavyofanya yakikosea, kwamba kifo kile kilitangazwa kimakosa. Mimi nitakuwa sebuleni kuanzia jioni. Karanga nimeshanunua.

Nawatakia kazi njema. Nisalimie mama wa mapokezi, mlinzi wa getini aliyeniangalizia baiskeli, wapiga picha, na mafundi mitambo wote. Jemadari mwenyewe, kwa sasa, sina salamu zake.

Wako mwenye majonzi na heshima,

Fundi Makochi
(Askari wa Miguu)

Tanbihi: Nilimsomea shemeji barua hii kabla ya kuifunga. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Shemeji, mtu aliyemtangulia jogoo maisha yake yote kwenda kuwasha moto kwa ajili ya watoto wa watu, leo ndiyo kwanza amepata usingizi, na wewe unataka aamshwe? Haya, akiinuka akakuta umempashia supu nusunusu, nani atakuokoa?" Kazi yake imekwisha, Mheshimiwa. Naomba yale maneno matatu yasisomwe, na malalamiko yangu yote myahesabu hayakufika. Sauti msiibadilishe. Kama angejua ni nani aliyemtangaza, angetembea kifua mbele mpaka huko alikokwenda. Nami siku yangu ikifika nitangazwe na huyohuyo, na akimaliza acheke kidogo, kwa ajili ya shemeji. Ila Alhamisi iliyopita umeme ulikatika Jemadari akiwa ameweka glavu yake kwenye lango la ngome. Tafadhali nijulishe kama lilifunguka. Kuna mtu huwa naenda makaburini kumsimulia kila Ijumaa asubuhi, na nimemwambia asubiri.