Mkono Unaoelekeza Ziwani

Jumatatu, 5 Novemba 1956

Motokari imefika! Ba Mwewa, mnunuzi mkubwa wa samaki hapa Nchelenge na bosi wangu, ameinunua kwa mjane wa Mugiriki mmoja wa Kasenga, ng'ambo. Ya kijivu, sanduku nyuma kwa ajili ya samaki, usukani upande wa kushoto kama zote za Kongo. Nzuri kuliko bibi harusi.

Nikavaa shati safi. Nikasimama karibu na mlango wa dereva, ili Ba Mwewa akinitafuta asipate shida. Nani mwingine? Nilikaa Kasenga. Niliosha motokari za Wagiriki mpaka nikaona uso wangu ndani ya rangi. Najua kila swichi. Kuendesha sijawahi, lakini hicho ni kitu kidogo.

Ba Mwewa akampa ufunguo Fanwell Chabu! Fanwell! Mwimba kwaya, mtu wa kofia. Ati ana cheti cha udereva. Mimi nitaosha na kupakia vikapu.

Naandika haya kwa Kiswahili cha kazini. Mke wangu Matildah anasoma Kibemba tu. Asijue bado kwamba dereva si mimi. Nilishamwambia ni mimi.

Jambo moja. Wavuvi wanasema yule Mugiriki alipotea huku kwetu, njia ya Puta, kwenye gati la zamani. Motokari ilikutwa ufukweni peke yake, injini inanguruma, waipa zinafuta kioo kikavu. Mwenyewe hakuonekana tena. Habari ya kusikitisha. Nimeipokea kwa furaha.

Jumanne, 6 Novemba

Mpango uko tayari. Fanwell ni mtu wa sala, na mtu wa sala anajua kuogopa wafu. Akiogopa, atashuka. Akishuka, nitapanda.

Motokari hii haina taa za kukata kona. Ina mikono. Kila ubavu, nyuma ya mlango, umelala mkono mdogo wa rangi ya chungwa. Dereva akigusa swichi katikati ya usukani, mkono unaruka nje na kuwaka, kuwaambia watu: nakata huku. Nimefunga uzi mweusi kwenye ncha ya mkono wa kushoto, nikaupitisha nyuma mpaka kwangu, kati ya vikapu. Akili hii!

Tukatoka kwenda Puta kuchukua samaki. Ziwa kushoto kwetu njia nzima. Tulipofika kwenye gati la zamani, pale penye nguzo zilizooza, nikavuta. Tak! Mkono nje, unaelekeza ziwani.

Fanwell akasimama, akashuka, akautazama. Akaurudisha kwa kidole, taratibu, kama anayefumba macho ya marehemu. Hakuniuliza kitu. Niliuma shati nisicheke.

Jumatano, 7 Novemba

Uzi ulikatika asubuhi nikiosha. Nikasema nitafunga mwingine kesho. Tukapita gatini. Tak! Mkono nje.

Nikatazama mikono yangu mwenyewe. Yote miwili ilikuwa imeshika kikapu.

Springi imelegea tu. Niliivuta sana jana. Nikajisifu: kazi yangu inaendelea hata nikipumzika.

Lakini wakati wa kurudi ziwa liko kulia. Na gatini ukatoka mkono wa kulia. Huo sijawahi kuufunga uzi. Huo sijaugusa ila kwa kitambaa.

Fanwell akasema bila kugeuka, "Kafula, ni weye unafanya hivi?" Nikamwambia mimi niko nyuma na samaki. Akasema, "Ndiyo. Nakuona kwa kioo."

Alhamisi, 8 Novemba

Leo mapema nimepeleka habari sokoni, kuusaidia mpango. Nimenong'ona kwamba Mugiriki yumo ndani ya motokari na anataka kurudi ziwani. Kunong'ona ni bora kuliko kupiga kelele, kunafika mbali.

Mchana Fanwell alipokwenda kula nikaingia kwenye kiti cha dereva, kujifunza. Swichi ya mikono: kushoto, kulia, katikati. Kitasa cha waipa, juu ya kioo. Honi (watu wakatazama, nikajifanya nafuta vumbi). Na chini ya usukani kuna kifundo cheusi, mpenzi wangu: kifundo cha mafuta. Ukikivuta, kinashikilia mafuta palepale. Unatoa mguu, na motokari inaendelea kwa mwendo uleule, yenyewe. Ukikisukuma ndani, inapoa. Wagiriki wa Kasenga walikuwa wakikivuta kwenye barabara iliyonyooka, wakavuta na sigara.

Nilipoinuka, suruali ilikuwa imelowa nyuma yote. Jua kali nje, madirisha yamefungwa tangu asubuhi. Na maji yenyewe ya baridi, kama yametoka chini sana. Nilimwambia Matildah ni jasho la udereva.

Jioni uvumi wangu ukanirudia. Mwanamke wa Chienge, simjui, akaniambia nisiipande ile motokari. Ati Mugiriki hapendi kukaliwa. Ati ukikaa kwenye kiti chake utakuta maji.

La maji sikumwambia mtu yeyote.

Jumamosi, 10 Novemba

Ushindi! Fanwell ameacha kazi! Niandike polepole, kalamu imeniponyoka mara mbili. Ni furaha.

Tulikuwa tunarudi kutoka Puta, jua kichwani, ziwa limetulia kama sahani. Gatini mkono wa kulia ukatoka. Fanwell hakuurudisha. Alisimamisha motokari, akazima injini, akashuka, akavua kofia. Akazungumza na kiti chake kitupu, kwa heshima, kama mtu anayeongea na mgeni mlangoni: "Bwana, hatuendi huko. Hii motokari ni ya batu wengine sasa."

Waipa zikaanza.

Polepole. Huku, halafu huku. Kioo kikavu, zinakwaruza. Waipa hizi zinavutwa na injini. Injini ikilala, nazo zinalala. Injini ilikuwa imelala. Mimi nilikuwa nyuma na sikuwa na uzi wowote. Zilikwenda kama kiganja cha mtu kinachokataa jambo. Huku, halafu huku. Kisha zikatulia.

Fanwell akatufikisha nyumbani huku akiimba. Akamrudishia Ba Mwewa ufunguo. Ba Mwewa akamwita mtoto mudogo. Fanwell akakubali, akavaa kofia yake.

Alipopita kwangu akaniambia, "Ile uzi ya kwanza ilikuwa yako. Niliiona, nikanyamaza. Zile zingine hazikuwa zako. Usikalie kile kiti, ndugu yangu. Kama mukono inatoka, usimame, ushuke, utembee kwa miguu."

Maskini. Kushindwa kunamfanya mtu atoe mashauri.

Jumapili, 11 Novemba

Baada ya kanisa Ba Mwewa akaniuliza kama kweli niliendesha Kasenga. Nikasema ndiyo. Akauliza motokari za namna gani. Nikasema zote. Watu wote wenye cheti wamekwisha kusikia habari, hakuna anayetaka. Akanipa ufunguo. Kesho atakuja naye Puta, ajionee.

Matildah hakufurahi. Alijuaje kwamba udereva wangu umeanza leo tu? Mke wa Fanwell amemweleza yote. Akasema niende ziwani na Davison, kaka yake, mvuvi. Wavu wake una nafasi ya mtu. Nikamwambia mimi si mtu wa kuloa. Akasema, "Ba Kafula, kila siku unarudi umeloa."

Mwanamke huyu anasikiliza sana.

Jumatatu, 12 Novemba

Nimeendesha motokari! Nitaandika hilo kwanza, kwa sababu ni kweli.

Kuwasha, hakuna shida. Kuondoka, tulirukaruka kama chura, na Ba Mwewa akagonga kichwa. Nikamwambia ndivyo injini za Wagiriki zinavyoamka. Nikitaka kukata kona, nikapiga honi. Nikitaka honi, mkono ukatoka. Mara mbuzi wa watu akawa upande usiotakiwa, au pengine ilikuwa mimi. Ba Mwewa alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili. Tuliacha nyumba za mwisho, barabara ikanyooka, na mguu wangu ulikuwa umechoka kukanyaga mafuta. Nikakumbuka kifundo cheusi. Nikavuta. Nikatoa mguu.

Tukaenda! Mwendo mmoja, laini, kama mtumbwi unaochukuliwa na maji. Nikaegemeza kiwiko dirishani. Ba Mwewa akaachia mlango. Akasema labda alinidharau bure. Naandika kama alivyosema: labda alinidharau bure.

Tulipoona nguzo za gati, mkono wa kushoto ukatoka.

Nikakumbuka maneno ya Fanwell. Nikasema moyoni, kusimama sasa, mbele ya bosi, siku ya kwanza? Nikarudisha swichi katikati. Mkono haukurudi. Nikasukuma kifundo ndani. Kikaingia, halafu kikatoka tena, bila haraka, kama kuna mtu upande wa pili anakivuta kwa vidole viwili. Nikasukuma. Kikatoka. Breki ikaenda hadi chini, laini, kama kukanyaga matope.

Waipa zikaanza. Kioo kikawa maji, na mvua hakuna popote. Nikafuta kwa shati, na shati likalowa: maji yalikuwa upande wetu, ndani. Kiti kililowa chini yangu, kisha mgongoni, kana kwamba kuna mtu mwenye nguo mbichi ameketi nami, mahali palepale.

Usukani ukazunguka. Sikuuzungusha mimi. Nilikuwa nimeushika, basi. Nilikwenda nao tu.

Ba Mwewa akapiga kelele, "Kata injini! Kata!" Nikamwonyesha ufunguo. Ulikuwa mkononi mwangu tayari.

Akaruka yeye, nikaruka mimi. Mchanga mdomoni, masikioni. Tulipoinua vichwa, motokari ilikuwa inapita katikati ya nguzo, vizuri, bila kugusa hata moja, jinsi nisingeweza mimi. Ikaingia majini kwa mwendo uleule. Maji yakafika kwenye taa, kwenye kioo. Waipa zinafuta. Na ilipomaliza kukata kona yake, mkono ukajikunja, ukalala mahali pake, kama wa dereva mwenye adabu. Kisha ziwa likafunga juu yake. Hakuna hata mapovu.

Ba Mwewa alikaa chini na mkono wake ulioteguka. Ile ilikuwa jasho lake la miaka yote ya samaki. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kwenye nyumba za kwanza akauliza, kwa upole kabisa, kama niliwahi kuendesha Kasenga. Nikasema, niliosha.

Jumatano, 14 Novemba

Nimefukuzwa. Mwili wote unauma.

Jana wavuvi walikwenda gatini na kamba kuivuta. Davison, shemeji yangu, akazamia. Pale maji yanafika kifuani tu, na chini ni mchanga mweupe, unaona mpaka vidole vya miguu yako. Motokari hakuna. Walitembea huku na huku wakishikana mikono, wakichapa maji. Hakuna. Nyayo za magurudumu zinaingia ziwani, zinaendelea kidogo chini ya maji, zinanyooka, na mahali fulani zinakwisha.

Davison ni mtu wa ziwa tangu utoto. Alitoka majini akakaa mbali na wenzake, hakutaka kula. Alimwambia Matildah kwamba alipokuwa chini alisikia kitu kikikwaruza. Huku, halafu huku.

Ba Mwewa anawaambia watu nilivuta kifundo kisichofaa. Wanaopenda kulala vizuri wanamwamini.

Fanwell amekuja na samaki wawili wakubwa waliokaushwa, aina ya mpumbu. Alikaa mlangoni, akauliza kuhusu mgongo wangu. Hakusema kwamba aliniambia. Nilimngojea aseme, nimjibu. Hakusema! Mtu wa hila sana.

Matildah amempika samaki mmoja, akanipa kipande chenye nyama. Akasema Davison bado ana nafasi kwenye wavu. Sauti yake ilikuwa nzuri. Kwa kweli nilikaribia kukubali.

Jumamosi, 17 Novemba

Habari kubwa! Mitumbwi imefika kutoka Chisenga, kisiwani, na wavuvi hawakutaka hata kushusha samaki kabla ya kusimulia.

Juzi alfajiri kitu kilitoka ziwani upande wao. Motokari ya kijivu. Ilipanda ufukweni, maji yakimiminika milangoni, ikasimama kati ya kambi za wavuvi. Chisenga, ambako hakuna barabara, hakujawahi kuwa na gurudumu la aina yoyote! Injini inanguruma polepole na haizimiki. Waipa zinafuta. Watu wamehamishia nyavu zao upande wa pili wa kisiwa. Mzee mmoja alichungulia kwa mbali: kiti cha dereva ni kitupu, na mlango wake uko wazi, kama unavyomfungulia mtu unayemngoja.

Wote sokoni walisogea karibu. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Ba Mwewa alisema hapo mbele ya watu kwamba haitaki tena, atakayeweza aichukue.

Nimefikiri, na kichwa changu hakijawahi kuwa na mwanga kama leo. Kisiwa kizima! Motokari moja! Na dereva hakuna, mwenye cheti wala asiye na cheti! Tena ufukweni kule hakuna mbuzi wa watu wala kona. Nitavuta kifundo cheusi kidogo tu.

Nimepata nafasi kwenye mtumbwi wa kesho. Nimefua shati. Matildah amelia, nimemwambia nikitulia nitamwita.

Fanwell amekuja mbio baada ya kusikia. Alinishika mikono yote miwili, akanisihi nisipande mtumbwi, macho yamemjaa machozi, mtu mzima na kofia yake.

Namwelewa. Naye anakitaka kile kiti.