Mshika Bendera wa Uwanja wa Ndege

Jumatatu, 3 Juni

Bartholomeo anataka kulima viazi kwenye uwanja wa ndege wa zama za vita! Kamwomba mwenyekiti wa kijiji. Eti magofu ya Waingereza hayaliwi. Na mimi Dastan, niliyejitangaza mtunza historia wa Kilolo, nitatunza nini? Mkutano ni Alhamisi. Tulicho nacho: njia ya kurukia ndege iliyoota nyasi na vibanda vitatu visivyo na paa. Haitoshi. Nahitaji mfu.

Jumanne, 4 Juni

Nimempata! Nimemtunga nikinywa chai. Sifaeli, mzaliwa wa hapa, kazi yake kuongoza ndege kwa bendera nyekundu. Siku ya ukungu alitoka kupokea ndege. Hakurudi. Ndege nayo haikufika. Nimejiliza mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Nimesimulia mkutanoni. Bartholomeo kavua kofia. Mwenyekiti kaamua: pa mfu hapalimwi. Ushindi!

Kisha bibi Lusia, mwenye miaka tisini na ushee, kanishika mkono. Vidole vya baridi.

"Mwanangu, nani kakwambia habari za kaka yangu?"

Nikasema vitabu. Akasema hakuna kitabu. Mama yao alikataza jina hilo lisitajwe tena nyumbani. Akauliza kama ile bendera ilikuwa na kiraka cheusi cha kaniki pembeni. Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Akalia.

Ijumaa, 7 Juni

Bibi kataka nimwonyeshe alipopotelea kaka yake. Bartholomeo kaja pia, kunichunguza. Saa sita mchana, ukungu mzito. Nikachagua popote, nikasema hapa.

Bibi akaita jina. Mara moja tu.

Injini. Mbali, juu. Bartholomeo akasema ni lori la mbao. Lori angani?

Kisha nyasi zikalala, mstari mrefu, kama kitu kinatua. Upepo hakuna. Mwisho wa mstari kitu chekundu kikapanda, kikashuka. Polepole. Pembeni kina doa jeusi.

Nilikimbia. Bartholomeo akanipita.

Tuliporudi na watu, bibi alikuwa ameketi nyasini, anatabasamu. Akasema wameshasalimiana, sasa apelekwe nyumbani akanywe uji.

Jumapili, 9 Juni

Bartholomeo hataki tena viazi. Kanisani kaketi bega kwa bega nami, mtu ambaye hatujasalimiana naye tangu Pasaka.

Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: nilitunga mtu wa hapahapa, mwenye ndugu. Uzembe!

Mwalimu Nusrat wa Mbeya, anayetembeza wastaafu, kapiga simu. Habari zimemfikia. Jumamosi analeta wazee kumi na wawili. Sifaeli simtaji tena, namwogopa. Nimetunga mpishi wa kambi, mgeni asiye na ukoo huku: Anyitike, wa Rungwe, aliyeingia stoo ya jeshi akajifungia kwa ndani, asitoke tena. Safi kabisa!

Na bahati iliyoje: wazee wote wanatoka Rungwe. Watafurahi kusikia habari za mtu wa kwao.