Historia ya Violette kwa Watu Thelathini

Jumatatu, 2 Machi 2026. Jeppestown.

Leo ni miaka thelathini na mitatu na siku nane tangu nitoke Lubumbashi kuja huku kusini. Nimehesabu mara mbili, kwa sababu Jeannine alikuja na habari za kurudi. Binti yangu anafanya kazi Midrand, kampuni ya malori. Wanamhamishia Lubumbashi mwisho wa mwezi. Amenishikia nafasi kwenye ndege bila kuniuliza.

Nikamwambia siwezi kuondoka, watu wa Jeppestown wananihitaji. Akatazama chumba: kitanda, vitabu, jiko la sahani moja. Akauliza ni watu wangapi. Nikasema thelathini. Sijui namba hiyo ilitoka wapi.

Akasema: basi, Papa, waite Jumapili. Akiwahesabu wakafika thelathini, hatanisumbua tena. Wakipungua hata mmoja, nafunga sanduku. Tukapeana mikono. Ana mkono wa marehemu mama yake, haulegei.

Jumanne, 3 Machi.

Mada ya kuwahutubia imepatikana. Violette, klabu ya mpira ya Port-au-Prince, Haiti. Nimeandika historia yake kwa miaka kumi na moja. Kurasa mia mbili na sita. Msomaji hadi sasa: mimi.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa Mhaiti. Walikuja wengi Kongo baada ya uhuru. Huyu alitukaririsha wachezaji wa Violette kabla ya mito ya Afrika. Ilianzishwa 1918. Bingwa wa Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibiani, 1984. Bingwa wa Karibiani, 2022. Nani hatakuja?

Mchungaji ametoa ukumbi, saa nane mchana. Nimebandika tangazo mlangoni kwa François, fundi wa nguo. Jioni nikakuta Firmin ameandika chini yake: “Na chakula?” Mimi na Firmin tulisoma darasa moja Lubumbashi. Mimi wa kwanza, yeye wa pili. Imepita zaidi ya nusu karne na bado hajapoa. Sasa anaongoza kwaya. Ameitisha mazoezi Jumapili, saa nane.

Alhamisi, 5 Machi.

Waliothibitisha: wawili. Mmoja ni François, na suruali yangu iko kwake, hana pa kukimbilia.

Biubwa, Mzanzibari anayeuza sambusa karibu na roboti, yaani taa za barabarani, hakunificha. Mzee Ezéchiel, mpira wa visiwa vya watu nani ausikilize? Watu hapa wanahangaika na karatasi, vibali vya kuishi. Ungesema karatasi, ukumbi ungepasuka.

Nikala sambusa ya pili, nikifikiri. Kisha nikamnong'oneza, yeye peke yake, kwamba Jumapili mambo ya karatasi nayo yataguswa. Kumwambia Biubwa peke yake kunatosha.

Si uongo. Ukurasa wa 198 una viza.

Jumamosi, 7 Machi.

Nilijuta, kama nusu saa hivi. Murielle, msusi wa ng'ambo ya barabara, alikuja kuuliza alete karatasi halisi au nakala. Kibali chake kinaisha Ijumaa. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Simu ikalia: Jeannine, picha ya sanduku jipya, jekundu, la magurudumu manne.

Nikamwambia Murielle alete zote mbili.

Jumapili, 8 Machi.

Watu sitini na watatu. Kila mmoja na bahasha yake ya plastiki. Kwaya nzima imetoroka mazoezi. Firmin akaifuata nyuma, naye ana bahasha.

Jeannine alisimama mlangoni, midomo ikihesabu. Alipofika thelathini aliacha, akatazama sakafu. Nimeshinda kabla sijaanza. Ningekaa kimya hapo. Nikaanza na 1918.

Walinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza tangazo la foleni. Nikafika 1984, ubingwa. Firmin akainuka. Prof, hebu waambie, fainali iliisha ngapi ngapi?

Aliyajua hayo, mshenzi. Haikuchezwa. Timu mbili za upande wa kaskazini zilishindwa kukubaliana tarehe ya mechi yao, zikaondolewa zote, Violette wakapewa kombe. Mimi nililiweka jambo hilo kwenye tanbihi, kwa herufi ndogo. Kumbe bingwa wa kukaa kitini, akasema Firmin. Kwaya ikacheka kwa sauti nne.

Hapo Murielle akauliza, kwa upole, Papa Ezéchiel, karatasi ni saa ngapi? Amefunga saluni.

Nikaruka miaka thelathini na tisa, hadi ukurasa wa 198. Mwaka 2023. Port-au-Prince kuna risasi, ligi imesimama. Violette hawawezi kucheza kwao. Mechi yao ya nyumbani wanaichezea nchi jirani, Jamhuri ya Dominika, na bado inaitwa ya nyumbani. Wanawapiga Wamarekani wa Texas tatu bila. Mechi ya marudiano ni huko Texas, na baadhi ya wachezaji wamekosa viza.

Ukumbi ukaamka. Walikataliwa dirisha gani? Waliambiwa warudi mara ngapi? Walikuwa na barua ya mwaliko? Hilo la mwisho aliuliza Firmin mwenyewe, kalamu mkononi. Nikasema walifungwa mbili bila, wakapita kwa jumla ya magoli, na mama mmoja akamshukuru Mungu kwa sauti. Nilijibu maswali saa nzima. Nisiyoyajua niliyajibu vilevile. Katika miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuniuliza lolote juu ya kitabu hiki.

Murielle hakuuliza tena. Alifunga bahasha yake, akasema ni hadithi nzuri, akatoka haraka awahi walau mteja mmoja.

Jeannine akanisaidia kupanga viti. Sitini na watatu, Papa. Umeshinda. Lakini walifuata karatasi, hawakukufuata wewe. Nikamjibu kuwa 1984 pia kombe ni kombe. Hakucheka.

Jumatatu, 9 Machi.

Jeannine ameifuta nafasi yangu kwenye ndege. Kwenye simu akaniuliza, bila hasira, kwa nini hasa sitaki kurudi. Alikuwa mdogo tulipofukuzwa, hakumbuki. Jirani aliyekuja kutuambia sisi, wenye asili ya jimbo jingine, si wa pale, tuondoke, hakugonga mlango. Alikuwa na ufunguo wetu wa akiba. Tulimpa wenyewe, atutunzie nyumba tukisafiri. Anaitunza hadi leo.

Sikumwambia hayo. Nilimwambia nina sehemu ya pili ya Violette, Jumapili ijayo.

Tangazo liko tayari kwa François. Biubwa nimemnong'oneza kwamba safari hii huenda akaja mtu wa idara ya vibali yenyewe. Murielle akaniita kutoka ng'ambo, akauliza kama namfahamu mtu huyo. Nikasema namfahamu vizuri, aje na karatasi zake Alhamisi nimpeleke. Simfahamu mtu yeyote pale. Nina siku tatu za kumtafuta.

Jeannine anaondoka tarehe thelathini. Mimi Lubumbashi sitarudi.