Nyonga Yangu Saizi ya Dafu

Leo nimeadhirika. Tena mbele ya mkwe!

Nieleze polepole, maana kisa hiki kina mafunzo. Nyonga yangu ya kulia imesagika, na wiki ijayo napasuliwa nitiwe ya bandia. Mwaka mzima naswali kwenye kiti. Nataka kusujudu kama watu. Leo ilikuwa siku ya vipimo tu. Salim, mume wa binti yangu, ndiye aliyenichukua nyumbani Shella akanipeleka hospitali.

Kwenye foleni ya eksirei akina mama walikuwa na hofu. Mimi ni mwalimu mstaafu, siwezi kuona mtu hajui nikanyamaza. (Huu ni ugonjwa mwingine, hauna upasuaji.)

"Msiogope," nikawaambia. "Picha hukuza mifupa. Kwa hivyo wanakuwekea gololi ya chuma karibu na nyonga. Upana wa gololi wanaujua, basi kompyuta huutumia kupimia mfupa wako, na daktari akajua akutie saizi gani. Ni kama viatu! Vueni bangili, vueni vipini, vueni kila kitu."

"Mwalimu, wewe umevua?" akauliza bibi mmoja wa Jilore.

"Zamani!"

Nilikuwa nimevua kila kitu isipokuwa shanga za kiunoni. Nyuzi saba, tangu harusi yangu. Nikajiambia, shanga si chuma. Tena ziko ndani ya gauni la hospitali, nani atajua?

Zamu yangu ikafika, nikalala mezani. Mpiga picha akaniwekea gololi katikati ya mapaja. "Ibane hapo mama, usitikisike hata kidogo." Nikaibana kwa bidii zangu zote. Ikachoropoka! Ikabingirika hadi magotini. Nami nikanyamaza, si niliambiwa nisitikisike?

Baada ya nusu saa daktari akatoka, uso umemkunjamana. "Mama, umekuja na nani?"

Salim akaitwa. Tukaketi mbele ya kompyuta.

"Poleni sana," daktari akasema. "Kichwa cha mfupa wa paja la mama si cha kawaida. Kipimo kinatoka kama dafu."

"Dafu?" Salim akashtuka.

"Dafu zima. Nyonga ya bandia ya saizi hiyo haitengenezwi popote. Upasuaji itabidi usimame."

Machozi yakanitoka. Mwaka mzima wa kiti! Salim, Mungu ambariki, akanitetea. "Daktari, mama huyu anapita mlangoni vizuri tu. Dafu litakaa wapi?" Akaisogelea kompyuta, akainama. "Hiyo gololi mliyopimia ni ipi?"

"Hii nyeupe hapa, ya mviringo."

"Mbona ziko nyingi? Tazama, zimejipanga mstari. Moja, mbili, tatu, nne..."

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama feni.

(Kumbe shanga za kioo huonekana kwenye eksirei! Gololi yenyewe ilikuwa magotini, kompyuta ikaokota ushanga mmoja mdogo ikadhani ndiyo gololi, na mfupa wangu ukawa jitu. Na mimi nilikuwa nikifundisha sayansi.)

Salim akafika kumi na moja, akaacha kuhesabu. Nilimwona akielewa. "Mimi nipo nje," akasema, akaugonga mlango kwa paji la uso.

Muuguzi akaja na mkasi. Alipokata uzi wa kwanza, shanga zikatawanyika, zikapita chini ya mlango hadi kwenye foleni yangu ya wanafunzi. Yule bibi wa Jilore akachungulia, kaushika mmoja kwa vidole viwili.

"Mwalimu, huu si wako?"

Picha ikapigwa upya. Nyonga yangu ni saizi ya kawaida kabisa, na wiki ijayo napasuliwa, inshallah. Salim akanirudisha Shella, macho yote barabarani. Baada ya kitambo kidogo, binti yangu akanipigia simu.

"Mama, Salim amerudi ananiuliza eti zile shanga zangu nilinunuliwa na nani. Kulikoni huko?"

Basi wenzangu, ukiambiwa uvue kila kitu, kila kitu ni kila kitu. Na huyo anayecheka kule nyuma asimame, atueleze sote anacheka nini.