Vita vya Watatu Watatu kwa Bulle

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Balaa! Bulle anataka kuiondoa Tatu-Tatu.

Ameniambia jioni hii huku akipanga mikate, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Jumamosi ikipita bila foleni, mashine inatoka, na mahali pake panaingia jiko la kukaangia chipsi. Chipsi! Nikamwuliza kama anajua anachotupa. Akasema anajua sana: sanduku linalochezwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Ni kweli, na inaniuma. Duka lake hapa Kariobangi lina mashine mbili za gemu. Ile ya mlangoni ni ya mmoja kwa mmoja. Vijana wote wa mtaa wanaigombania, na Owiti ndiye bingwa wao, naye haachi kutukumbusha. Ya pembeni ni yangu. Jina lake limeandikwa Kijapani, hakuna anayelijua, basi tunaiita Tatu-Tatu. Unachagua wapiganaji watatu, mpinzani naye watatu. Wa kwanza akianguka, wa pili anaingia. Wa pili akianguka, bado yuko wa tatu. Kwenye mashine ya Owiti ukianguka umeanguka, kwisha habari yako. Huo ni mchezo au ni maisha?

Timu yangu: Mzee wa ndevu, Bonge, na Dada wa msuko mmoja. Wengine huwacheka. Dada namweka mwisho. Ameniokoa mara nyingi kuliko ndugu zangu wa damu.

Halafu kuna Shangazi Mbithe. Ninakaa kwake. Namsaidia kuuza mitumba mpaka saa kumi na moja, kisha naenda "kusoma kompyuta". Nilimwambia kozi ni ya bure, imeletwa na Wajapani. Si uongo mzima! Mashine imetoka Japani, ina kioo, ina batani. Kanisa zima limeshaambiwa kwamba Mutie wetu anafundishwa na Wajapani. Sasa Wajapani wakiondoka Jumamosi nitasema nini?

Jumanne, 3 Septemba

Nimepata akili. Saa sita nimeandika karatasi: IMEHARIBIKA. Nikaibandika kwenye mashine ya Owiti wakati Bulle alipoinama kutafuta kiberiti. Hesabu ilikuwa rahisi. Vijana wakikosa ile, watageukia hii.

Saa kumi na moja nafika, roho juu. Vijana wamejaa mlangoni kama kawaida. Karatasi yangu iko kwenye Tatu-Tatu! Owiti kaihamisha, na kainyoosha vizuri, na kaongeza KABISA kwa kalamu nyekundu.

Nikamweleza Bulle kwamba haijaharibika. Akauliza nimejuaje, mimi ni fundi? Nikasema karatasi hiyo ni yangu. Akanitazama sana. Amenikataza kuigusa mpaka fundi aje aikague. Siku nzima imepotea. Owiti ananiambia pole, buda, kwa sauti ya msiba. Simpendi.

Jumatano, 4 Septemba

Karatasi nyingine, na safari hii kwa busara.

Mahali penye watu wengi kuliko kwa Bulle ni kanisani kwetu, kwenye maombi ya Jumatano. Norah, katibu, husoma matangazo. Nikasema nitumbukize tangazo langu. Taabu ni kwamba pasta hataki kusikia neno gemu. Alishasema gemu ni mlango wa shetani. Basi nikaliepuka. Niliandika hivi: "Jumamosi saa nane, dukani kwa Bulle: VITA vya watatu watatu. Njoo na wenzako wawili. Wote karibuni." Vijana wataelewa, wazee watapuuza. Nilijipongeza.

Norah kasoma. Alipofika kwenye VITA akasimama, akaiinua miwani, akaona nafasi tupu kwenye karatasi. Akaijaza. Akasema, vita vya kiroho.

Amina! Kanisa lote! Kumbe walikuwa wanangoja. Mama mmoja akashuhudia kwamba duka lile linameza watoto wetu. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni Shangazi Mbithe. Kabla ya wimbo wa mwisho alikuwa ameshapata wenzake wawili: Norah mwenyewe, na Kavutha muuza mboga, ambaye akiomba mabati hutikisika.

Nimejipalia makaa mwenyewe.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemwendea Norah asubuhi na mapema. Nikamwambia pengine tuahirishe, nina wasiwasi. Akanishika mkono, akasema huo wasiwasi anaujua, adui huwa anamwanza mwenye maono. Mwenye maono ndiye mimi! Akaniambia nifunge mpaka Jumamosi.

Kwa hivyo nina njaa pia.

Bulle hajui chochote. Nikijaribu kumwambia, naishia kumsalimu tu. Fundi amekuja, akasema mashine ni nzima na aliyeandika KABISA ana mwandiko mzuri.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimejaribu mambo mawili.

Kwanza nimemwambia Shangazi kwamba nimesikia wamehamishia vita mtaa wa Fedha, kwenye uwanja. Akasema vyema, wataanza kwa Bulle kisha waende Fedha. Ana nguvu za ajabu yule mama.

Pili nikaugua. Nikalala chali nikashika tumbo, nalo kwa njaa lilinisaidia kunguruma. Shangazi akanionea huruma kweli. Akasema nisihofu, wagonjwa ndio watakaotangulizwa mbele. Nikapona.

Halafu Owiti kajua. Sijui nani kamwambia. Vijana wa mtaa mzima wanakuja kesho kutazama, na yeye anasema atafika mapema apate mahali pa kusimama. Mungu wangu, nisaidie, ingawa sijui niombe upande gani.

Jumamosi, 7 Septemba

Naandika hata kabla sijala.

Saa nane kamili akina mama wa kanisa walikuja. Nilihesabu timu kumi na moja, watatu watatu, kama nilivyoandika. Vitambaa vyeupe kichwani, Biblia kwapani. Bulle akadhani ni msiba, akaanza kutoa pole. Vijana wa Owiti walijaa mpaka kwenye mtaro. Mimi nilijibanza nyuma ya gunia la viazi. Viazi vya chipsi! Bulle alikuwa ameshanunua.

Mashine ya Owiti ilikuwa na watu, akina mama hawakuiona. Ile ya pembeni ilikuwa peke yake, na pale kwenye kioo likatokea lile jitu kubwa la mwisho, ambalo hupigana peke yake, mikono yote miwili inawaka moto. Kavutha akaliona. Akapiga ukelele nikafikiri ameungua. Wakaizunguka, wakakemea. Jitu halikuondoka. Likacheka, maana ndivyo lilivyotengenezwa.

Hapo Shangazi akaniona. Akanitoa kwenye viazi kwa sikio. Akauliza, yule ndiye? Nikasema ndiye. Akauliza, anapigika? Sijui nini kilinisukuma. Pengine njaa. Nikasema anapigika, Shangazi, lakini lazima watu watatu. Nikatia sarafu yangu ya mwisho.

Akauliza timu. Nikampa yangu: Mzee, Bonge, Dada.

Shangazi akashika stiki. Norah akashika batani ya ngumi. Kavutha akashika ya teke. Watu watatu kwenye mashine moja, sijawahi kuona! Sheria hairuhusu wala haikatazi. Mzee akaanguka kabla hawajamaliza kujipanga. Akina mama wakalia, wakasema amekwenda. Nikapaza sauti: yuko mwingine! Bonge akaingia. Akapigana kiume, akaanguka. Yuko mwingine! Dada akaingia, na ule mstari wa roho yake kwenye kioo ukapungua, ukapungua, ukabaki kipande chembamba kama ukucha. Nilikuwa naomba kwa dhati, na pasta akiuliza nitakataa. Ghafla nasikia mtu anapiga kelele: ruka, mama, ruka! Kugeuka, ni Owiti. Mlangoni hakuna anayecheza, wote wako kwetu.

Dada akaruka. Kavutha akaangusha teke kama anayefunga mlango wa lori. Jitu chini!

Vigelegele! Walicheza ngoma mpaka barabarani. Kisha timu ya pili ikasema nayo ina haki ya kumpiga. Na ya tatu. Foleni, jamani, foleni mpaka kwa kinyozi! Bulle akamaliza kreti zote za soda, akaja kuninong'oneza kwamba chipsi zinaweza kungoja. Nilitaka kulia.

Saa kumi na moja ilipogonga, Shangazi, jasho likimtoka, akaniuliza mbele ya wote: na kompyuta yenu iko wapi, mbona ni saa za masomo?

Owiti akaziba mdomo asicheke. Nikasema, Shangazi, ndiyo hii.

Akayatazama yale maandishi ya Kijapani. Akanitazama mimi. Akayatazama tena. Akasema, kumbe ni ngumu hivi.

Jumapili, 8 Septemba

Nimesimamishwa mbele ya kanisa. Shangazi kashukuru Mungu kwamba Mutie amehitimu kompyuta ya Wajapani. Kumbe nimehitimu! Watu wamepiga makofi. Nilijaribu kuyasoma macho yake, yamelala tu, hayasemi kitu. Pasta kanipa mkono.

Ningesema ukweli, lakini makofi yalikuwa mengi.

Jumanne, 10 Septemba

Saa kumi na moja na nusu. Naandika nikiwa kibandani, juu ya rundo la sweta.

Jana nilipoinuka kwenda zangu, Shangazi akaniuliza naenda wapi. Nikasema kusoma. Akasema mtu akishahitimu hasomi tena, arudi auze. Sasa ni zamu yake yeye kusoma. Akavua aproni, akanifunga mimi kiunoni, akaenda. Leo pia. Norah na Kavutha wanapitia hapa kumchukua, na wananisalimu kwa heshima zote.

Owiti anawafundisha. Owiti! Alipita hapa akaniambia Shangazi anamwingiza Dada wa kwanza siku hizi, na kwamba ni akili sana. Dada wa kwanza! Nimekaa na jambo hilo kifuani tangu saa tisa. Mashine imebaki, kila mtu anaipenda, nami sijaicheza tangu Jumatatu ya wiki iliyopita.

Lakini nimepata akili. Kesho ni maombi, na tayari nimeandika karatasi: "Kuanzia Alhamisi, kila siku saa kumi na moja jioni, akina mama wote wakutane Kayole." Basi. Sikuandika vita, sikuandika watatu, sikuandika Bulle. Hakuna neno la kueleweka vibaya. Norah akiwa huko mbali na wenzake, mashine itakuwa yangu mpaka magharibi.

Nimempa sasa hivi alipopita. Nimemsihi asome kama ilivyo, asiongeze hata neno. Kaisoma, kaiinua miwani, kaniuliza wakakutane Kayole kufanya nini.

Nikamwambia nafasi imebaki hapo chini, ajaze mwenyewe.